Mama Mbele ya Kamera: Jiandae Kabla ya Kusema

 

Kamera zimefika hadi kliniki. Katika Wiki ya Kunyonyesha Duniani, tarehe 1 hadi 7 Agosti, au wakati wa Malezi Bora watoto wanapopewa vitamini A na dawa za minyoo, huja watu wa televisheni au wa mradi wakamwomba mama azungumze. Wengi hukataa kwa woga. Wengine hukubali, kisha maneno yakawapotea. Ni hasara, kwa maana jirani humsikiliza mama mwenzake kwa makini. Leo basi tuangalie namna ya kujiandaa.

Kwanza, uliza kabla ya kukubali. Ninyi ni akina nani? Video itaonyeshwa wapi? Je, uso wa mtoto utaonekana? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa, na picha yake ni mojawapo. Nayo sheria ya kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2006 inalinda siri ya matokeo ya kipimo cha virusi. Ukitaja mbele ya kamera kwamba mtoto wako anatumia dawa za virusi, maji yakimwagika hayazoleki. Kesho mtoto huyo ataenda shule, na wenzake wataiona video hiyo kwenye simu. Una haki ya kukataa, na hupaswi kunyimwa huduma kwa sababu hiyo. Waweza pia kukubali kwa masharti: mtoto asionyeshwe uso, wala jina lake lisitajwe.

Pili, chagua jambo moja tu. Tuseme umeombwa uzungumzie kuhara. Jiulize, jirani akumbuke nini? Labda hivi: "Mtoto wangu alipohara, nilimpa ORS kila baada ya kuhara, nikampa zinki, na sikuacha kumnyonyesha." Hayo yanatosha. Ukipenda, ongeza kwamba zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma.

Tatu, fanya mazoezi kwa sauti. Mweleze dada yako au mama mkwe jambo hilo mara tatu, kwa lugha unayoizoea nyumbani. Usikariri neno kwa neno. Anayekariri akisahau neno moja, yote humtoka.

Nne, utulize mwili. Moyo kwenda mbio, mdomo kukauka na mikono kutetemeka si ugonjwa. Mwili umetoa homoni ya adrenalini, kama unavyofanya ukishtuka. Vuta pumzi polepole kwa pua ukihesabu hadi 3, kisha itoe ukihesabu hadi 6. Rudia mara tano. Kunywa maji kidogo. Kama una mtoto mchanga, mnyonyeshe kwanza, ili asilie katikati ya mazungumzo.

Tano, kamera ikiwashwa, mtazame anayekuuliza kana kwamba mnaongea jikoni, isipokuwa ameomba uitazame kamera yenyewe. Sema polepole. Ukikosea, nyamaza kidogo uanze sentensi upya. Sehemu ile wanaweza kuikata. Ukiulizwa usilolijua, jibu, "Hilo muulizeni muuguzi." Ukiulizwa usilotaka kulisema, jibu, "Hilo ni la nyumbani kwangu." Majibu yote mawili ni ya heshima.

Mwisho, kabla hawajaondoka, omba uonyeshwe walichorekodi, na uchukue nambari ya simu ya msimamizi wao. Ukiona jambo linaloweza kumdhuru mtoto, waambie papo hapo waliondoe.

Mama aliyejiandaa husaidia kijiji kizima bila kuiweka siri ya mtoto wake barabarani.