Jumla ya Mfululizo Usio na Mwisho: Swali la Hesabu, Swali la Maana

Sisi wa kitivo cha lugha tukisikia hesabu huwa tunakunja uso. Hata hivyo, naona ugumu wa jumla ya mfululizo wa jiometri usio na mwisho umo zaidi katika neno "jumla". Sokoni, kujumlisha ni kazi inayokwisha: mama anahesabu mafungu yake, anataja bei, basi. Namba zisizokwisha zitajumlishwaje?

Tuchukue kitenge cha mita 1. Ninakata nusu na kuiweka mezani. Kilichobaki mkononi ninakikata nusu tena, naweka, na kuendelea hivyo. Mezani patakuwa na 1/2, kisha 3/4, kisha 7/8. Baada ya mara 10, ni 1023/1024. Kitambaa cha mezani hakitazidi mita 1 kamwe. Na ukitaja kipimo chochote, hata kiwe kidogo namna gani, iko hatua ambapo kilichobaki mkononi kitakuwa kidogo zaidi. Namba yenye sifa hizo mbili ni moja tu: 1.

Namba hiyo ndiyo jumla. Augustin-Louis Cauchy, katika kitabu chake Cours d'analyse cha mwaka 1821, alilipa neno maana hii: jumla ni kikomo ambacho hesabu za hatua kwa hatua zinakikaribia.

Kanuni yake ni fupi. Namba ya kwanza ikiwa a, na kila namba ikizidishwa kwa r (Wafaransa huiita raison) ili kupata inayofuata, jumla ni a/(1 − r). Kwa 0,999..., a ni 0,9 na r ni 0,1. Tunapata 0,9/0,9, yaani 1 kamili. Kinachokaribia 1 ni hatua. Jumla yenyewe ni 1.

Lakini sharti r iwe kati ya −1 na 1. Kwa 1 + 2 + 4 + 8..., kanuni ingetoa −1, jambo lisilowezekana: hatua hizo hazikaribii namba yoyote.

Kwa hiyo, tunapotafsiri vitabu vya hesabu, napendekeza tuseme mfululizo "usio na mwisho" wenye "kikomo". Tukiuita "usio na kikomo", mwanafunzi atasoma kwamba kisicho na kikomo kina kikomo, naye atadhani hesabu ndiyo inayojipinga.