Paka Wako na Mtoto Aliye Tumboni

Pengine una paka nyumbani. Huku Mulungwishi paka ana kazi. Panya wanakula mahindi yetu, naye paka anakula panya. Kwa hiyo hatukuambii umwue. Twakuambia: jua anachoweza kuleta, upate kujilinda.

Katika mavi ya paka kinaweza kuwamo kijidudu ambacho macho hayawezi kukiona. Jina lake toksoplasma. Mwaka 1908, huko Tunis, Charles Nicolle na Louis Manceaux walikiona katika mnyama mdogo afananaye na panya. Lakini ni karibu na mwaka 1970 tu wataalamu walipofahamu kwamba mayai yake yanatoka katika matumbo ya paka.

Kinaenezwaje? Paka anakula panya au ndege mwenye kijidudu. Kisha, kwa muda wa juma moja mpaka matatu, anatoa mayai kwa mamilioni. Mavi mapya hayaambukizi mara moja: mayai yanakomaa kwa siku moja mpaka tano. Yakikomaa, yanaweza kukaa katika udongo wenye unyevu miezi mingi. Nawe wajua paka anavyopenda kufukia mavi yake katika udongo laini. Udongo huo uko wapi? Ni bustani yako ya mboga, na mchanga wanaochezea watoto.

Mayai yanaingia kinywani kwa mikono michafu, mboga mbichi na maji machafu. Tena mbuzi na nguruwe wanayameza, na kijidudu kinakaa katika nyama yao. Kumpapasa paka tu si hatari kubwa.

Watu wengi wanaokipata hawaoni ugonjwa, au wanapata homa kidogo na tezi za shingo kuvimba, kisha wanapona. Lakini mama akikipata mara ya kwanza akiwa na mimba, kinaweza kumfikia mtoto. Mimba inaweza kutoka, au mtoto anazaliwa na maji kichwani, au macho yake yanaharibika, pengine baada ya miaka. Mtu mwenye ukimwi asiyetumia dawa zake naye yu hatarini, maana kijidudu kilicholala mwilini kinaweza kuamka katika ubongo.

Basi fanya hivi:

1. Ondoa mavi ya paka kila siku, kabla mayai hayajakomaa. Yatupe chooni au uyafukie mbali na bustani.
2. Nawa mikono kwa sabuni ukitoka shambani, na kabla ya kula.
3. Osha vizuri matunda na mboga zinazoliwa mbichi. Chemsha maji ya kunywa.
4. Pika nyama mpaka iive kabisa ndani. Usimpe paka nyama mbichi.
5. Funika mchanga wa watoto.

Jambo jingine: paka akikuuma au akikukwaruza, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile. Paka aweza kuwa na kichaa cha mbwa. Sindano zinakizuia zikitangulia. Dalili zikiisha kutokea, karibu kila mgonjwa anakufa.

Mama mwenye mimba, mwambie mwuguzi kama kuna paka nyumbani. Nawe baba, tangu siku unapojua kwamba mke wako ana mimba mpaka atakapojifungua, kuondoa mavi ya paka ni kazi yako.