Kibali cha Kazi kwa Mgeni na Nafasi ya Mtaalam Mzawa wa TEHAMA

Ajira za wataalam wa kigeni katika sekta ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (TEHAMA) huibua swali kwa wahitimu wengi wa vyuo nchini: mgeni anapoajiriwa, mzawa hunufaika au hupoteza?

Kwa Tanzania Bara, eneo hilo linasimamiwa na Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Sheria hiyo inampa Kamishna wa Kazi mamlaka ya kutoa kibali cha kazi, baada ya kujiridhisha kuwa mwajiri amefanya jitihada zote za kumpata Mtanzania mwenye ujuzi unaohitajika na kumkosa. Kibali hicho ni tofauti na kibali cha ukaazi, ambacho hutolewa na Idara ya Uhamiaji.

Msingi wa sharti hilo unaeleweka zaidi kwa kuangalia uzoefu wa Marekani, ambako wataalam wengi wa kompyuta kutoka nje huingia kwa viza ya H-1B. Ukomo wa kawaida wa viza hizo ni 65,000 kwa mwaka, pamoja na nyingine 20,000 kwa wenye shahada ya uzamili au zaidi kutoka vyuo vya nchi hiyo.

Wanauchumi John Bound, Gaurav Khanna na Nicolas Morales, katika utafiti wao wa mwaka 2017, walikadiria kuwa bila wahamiaji hao mishahara ya wataalam wazawa wa kompyuta mwaka 2001 ingekuwa juu kwa asilimia 2.6 hadi 5.1. Utafiti huohuo ulibaini kuwa uzalishaji uliongezeka, bei kwa walaji zilipungua na faida za kampuni za teknolojia zilipanda. Kwa maneno mengine, faida ilienea kwa wengi, ilhali gharama iliwaangukia wachache wenye taaluma ileile.

Sheria ya Tanzania inalenga kupunguza gharama hiyo kupitia mpango wa urithishaji ujuzi. Mwajiri wa mgeni anatakiwa kuandaa mpango unaoonesha namna ujuzi wa mgeni huyo utakavyohamishiwa kwa Watanzania katika kipindi cha ajira yake, pamoja na programu ya mafunzo ya kumwandaa mzawa atakayeshika majukumu hayo.

Mathalani, benki inayofunga mfumo mpya wa malipo inaweza kumhitaji mtaalam aliyewahi kuujenga kwingineko. Iwapo wahandisi wazawa watashiriki tangu hatua ya usanifu, watakabidhiwa nyaraka na kuachiwa usimamizi, mgeni atakuwa ameongeza thamani yao katika soko la ajira. Iwapo watabaki kupokea simu za wateja, akiondoka benki italazimika kumwita tena au kutafuta mgeni mwingine, na mshahara wa mzawa utabaki palepale.

Hivyo, mpango wa urithishaji hauna budi kutekelezwa kazini, badala ya kuishia kuwa kiambatisho cha maombi ya kibali. Waajiri wanapaswa kuwaainisha wazawa watakaorithi ujuzi na hatua za mafunzo yao mapema. Wataalam wazawa, kwa upande wao, wanahimizwa kujisajili katika Tume ya TEHAMA na kwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania (TaESA), ili mwajiri anayedai kuwakosa wataalam nchini awe amewatafuta mahali wanapopatikana.