Kuku wa Kuchoma: Aive Mpaka Kwenye Mfupa

Upanga ni eneo lililo katikati ya jiji la Dar es Salaam. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, joto la huko ni kali. Jioni watu hawapendi kupika ndani. Jiko la mkaa hutolewa uani, na harufu ya kuku wa viungo husikika mpaka kwa jirani.

Ndugu msomaji, hata wewe wa kijijini unaweza kumchoma kuku namna hiyo. Lakini jihadhari. Kuku anaweza kuwa mweusi nje, kumbe ndani bado mbichi. Nyama mbichi ya kuku huweza kuwa na vijidudu viitwavyo salmonela. Hivyo huleta kuhara, kutapika na homa. Mtoto mchanga au mzee anaweza hata kufa.

Kwanza, viungo. Twanga kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga. Changanya na binzari, chumvi na ndimu. Watu wa Upanga hununua viungo Kariakoo, si mbali na kwao. Wakulima wa Muheza na wa Unguja hulima pilipili manga na mdalasini. Mpasue kuku katikati, umchanje, kisha umpake. Mfunike nusu saa tu kama huna jokofu. Kwenye joto vijidudu huzaliana upesi.

Pili, moto. Washa mkaa, ungoje mpaka ufunikwe na majivu meupe. Usogeze wote upande mmoja wa jiko. Kuku mlaze kwenye wavu, upande usio na mkaa. Kwa nini? Moto ukiwa chini yake, mafuta hudondoka na kuwaka. Viungo huungua kabla nyama haijaiva.

Tatu, moshi. Weka kipande cha kumbi la nazi lililoloweshwa juu ya mkaa. Mfunike kuku kwa karai. Sasa anaiva kwa joto na moshi, polepole, kwa saa moja au zaidi. Mgeuze mara kwa mara. Usichome plastiki wala mbao za rangi, moshi wake ni sumu.

Utajuaje kwamba ameiva? Choma paja kwa kisu mpaka kwenye mfupa. Maji yakitoka mekundu, mrudishe. Yakiwa meupe na nyama inabanduka, ameiva. Mwenye kipimajoto atazame: nyama ya ndani ifike nyuzi 74 za Selsiasi.

Usimkatie kuku aliyeiva kwenye ubao uliomkatia mbichi. Osha kwanza ubao, kisu na mikono kwa sabuni.

Jambo la mwisho: hata mvua ikinyesha, jiko la mkaa usiliingize chumbani. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika. Watu wamelala nayo wasiamke.

Basi, tusiwe na pupa. Wahenga walisema, mvumilivu hula mbivu. Mwenye pupa hula mbichi, akaumwa tumbo.