Kompyuta Mpya Isiyowaka: Kuifuata Njia ya Umeme

Kompyuta iliyoundwa nyumbani, kipande baada ya kipande, huweza kukaa kimya siku ya kwanza inapowashwa. Taa haiwaki wala feni haizunguki. Aghalabu mwenyewe huhukumu papo hapo kuwa ubao mkuu, au mazabodi kama mafundi wasemavyo, umekufa. Kwa mwanafunzi au shule ya Mazinde hukumu hiyo ni ya gharama. Mazinde iko chini ya Milima ya Usambara, kando ya barabara itokayo Segera kwenda Moshi, na kukirudisha kipuri dukani Tanga au Dar es Salaam ni safari yenye nauli na siku zake. Yafaa basi kuchunguza kwanza kama kuna kitu kilichokufa, au ni njia ya umeme tu iliyokatika mahali fulani.

Umeme unavyosafiri

Umeme wa gridi nchini Tanzania hufika ukutani ukiwa mkondo geu wa volti 230. Kisanduku kiitwacho pawasaplai huugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Katika kompyuta za muundo wa ATX, uliotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995, swichi ya mbele haiukati wala kuuunganisha umeme wa ukutani. Pawasaplai iliyochomekwa hutoa wakati wote volti 5 za akiba, hata mtambo ukiwa umezimwa. Swichi inapobonyezwa, hupeleka ombi tu: ubao mkuu huushusha waya mmoja wa pawasaplai hadi karibu volti sifuri, ndipo volti nyingine hutolewa. Pawasaplai ikihisi shoti, hujizima yenyewe. Kwa hiyo ukimya huweza kuwa kinga, si kifo.

Mpango wa uchunguzi

Kwanza, ukuta. Soketi ijaribiwe kwa taa, kisha itazamwe fyuzi ya plagi, waya, na swichi ndogo iliyo nyuma ya pawasaplai. Baadhi ya pawasaplai za zamani zina kichaguzi cha volti 115 au 230. Kwa Tanzania lazima kionyeshe 230. Kikiachwa kwenye 115, pawasaplai huungua.

Pili, viungo. Ubao mkuu hupokea umeme kwa kiungo kikubwa chenye pini 24, na prosesa hupewa wake kwa kiungo cha pini 4 au 8. Hiki cha pili ndicho husahauliwa: feni huweza kuzunguka, lakini mtambo hauanzi kazi. Kila kiungo kisukumwe mpaka kishike. Mtambo uliopandishwa Mazinde Juu kwa gari ukaguliwe upya, maana mtikisiko hulegeza vipande vya kumbukumbu.

Tatu, swichi. Waya zake mbili zichomekwe kwenye pini zilizotajwa katika kitabu cha ubao. Pini hizo mbili zikigusishwa kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja na mtambo ukawaka, kosa liko kwenye swichi au waya zake.

Nne, shoti. Ubao hukaa juu ya viguu vidogo vya chuma. Kiguu kilichofungwa pasipo na tundu la skrubu hugusa njia za umeme zilizo chini ya ubao. Plagi ing'olewe, ubao utolewe, ulazwe juu ya kadibodi kavu pamoja na prosesa, feni yake na kipande kimoja cha kumbukumbu. Ukiwaka hapo, kosa limo katika kasha au katika sehemu zilizoachwa. Zirudishwe moja moja.

Tano, pawasaplai yenyewe. Itenganishwe na kila kitu, na plagi ikiwa imeng'olewa, pini ya 16 ya kiungo kikubwa, ambayo kwa kawaida ni ya waya wa kijani, iunganishwe na waya mweusi. Kisha ichomekwe na kupimwa kwa mita. Volti 12 ziwe kati ya 11.4 na 12.6, na volti 5 kati ya 4.75 na 5.25. Feni peke yake si ushahidi, kwani nyingine hazizunguki penye mzigo mdogo. Ikipita kipimo hiki, na ubao ukabaki kimya hata juu ya kadibodi, ndipo ubao au prosesa hushukiwa.

Tahadhari

Pawasaplai isifunguliwe kamwe. Kapasita zake huweza kubaki na chaji ya zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kung'olewa. Vilevile, mtambo ulioteremshwa kutoka baridi ya mlimani hadi joto la tambarare huweza kupata umande ndani. Uachwe upate joto la chumba na kukauka kabla ya kuwashwa.

Kwa darasa

Mwalimu ataona kuwa huu ni utaratibu uleule wa jaribio la fizikia: kubadili jambo moja, kuyaacha mengine kama yalivyo, na kuandika matokeo. Anayebadili vipande vitatu kwa pamoja huenda akauwasha mtambo, lakini hatajua ni kipi kilichokuwa na kosa, na atanunua viwili asivyovihitaji. Daftari lenye hatua hizi tano na matokeo yake liambatane na kipuri chochote kinachorudishwa dukani.