Gari Linapounguruma Chini ya Dirisha

Akina mama wenzetu, hapa Kisawasawa kukicha tunaamshwa na majogoo, na kwa nyumba chache zenye gari, na mngurumo wa injini. Baba huwasha gari, huliacha likiunguruma, kisha huenda kuoga na kunywa chai. Ukimwuliza, atakujibu: "Napasha injini moto."

Msimu mmoja wa mvua tulimpokea mama mjamzito mara tatu. Alilalamika kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Katika bonde hili la Kilombero dalili hizo kila mtu huziita malaria. Tulimpima, hatukuona vimelea. Tulipomhoji zaidi, alisema maumivu huanza asubuhi na kupoa akiwa shambani. Tukamtembelea nyumbani. Gari liliegeshwa kinyumenyume, bomba la moshi likitazama dirisha la chumba chake.

Moshi wa gari una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili hukosa hewa unayoihitaji. Mtoto aliye tumboni huweza kudhurika hata kama mama haonekani kuzidiwa. Injini ya petroli hutoa sumu hiyo kwa wingi ikiwa bado baridi.

Je, injini haihitaji kupashwa moto? Inahitaji, lakini kidogo. Usiku oili hushuka chini; injini ikiwaka, hupanda tena upesi. Kwa joto la kwetu, nusu dakika hadi dakika moja yatosha. Gari la zamani la kabureta huhitaji zaidi kidogo. La dizeli, subiri taa ya hita izimike ndipo uwashe. Kisha liendeshwe taratibu kilomita chache za mwanzo, bila kupiga resi. Injini hupata moto upesi zaidi ikitembea kuliko ikisimama.

Basi tuzungumze na waume zetu kwa upole. Gari liwashwe uwanjani, kamwe si ndani ya banda, hata kama mlango uko wazi. Bomba lielekee mbali na madirisha. Watoto wasicheze nyuma ya gari linalounguruma. Mtu akishikwa na kizunguzungu karibu na moshi, atolewe kwenye hewa safi mara moja na kupelekwa zahanati.

Mume wa mama yule aligeuza gari siku ile ile. Maumivu ya asubuhi yakakoma, na miezi miwili baadaye tulimpokea mtoto wao akilia kwa nguvu. Dawa yake haikugharimu hata senti.