Kutoka Kibaha na Kisarawe hadi Mombasa: Kupanga Likizo ya Kuvuka Mpaka

Likizo ya Mombasa kwa familia ya Kibaha au Kisarawe hupangwa kuanzia mpakani, kisha hesabu ikarudishwa nyuma hadi nyumbani. Mtanzania haombi viza ya Kenya, lakini kitambulisho cha NIDA hakimvushi: atahitaji pasipoti au hati nyingine ya kusafiria, na kila mtoto awe na yake. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanja juma la safari ni kuchelewa. Mwenye gari hubeba pia kadi ya njano ya COMESA, ambayo ni bima. Majina yanakaribiana, lakini hati moja haifanyi kazi ya nyingine.

Kibaha iko kwenye Barabara ya Morogoro, lakini si kila basi la Tanga, ambako safari hii hupitia, hupita hapo. Mengine hukata Bagamoyo na kutokea Msata. Wakala aulizwe njia kabla ya tiketi kukatwa. Mtu wa Kisarawe hushuka kwanza Pugu na Gongo la Mboto, ndipo atafute gari la Mbezi, kwenye Kituo cha Magufuli. Safari ya alfajiri humfaa zaidi akilala Mbezi.

Kutoka Tanga hadi mpakani Horohoro ni kama kilomita 65, na kutoka Lunga Lunga, upande wa Kenya, hadi kivuko cha Likoni ni kilomita 100 hivi. Likoni ndipo ratiba nyingi zinapovunjika. Abiria huteremka kwenye basi, hujiunga na umati unaoshuka kwa miguu kuelekea kivukoni, huvuka bila nauli, kisha hungoja gari lao ng'ambo. Foleni ya magari inaweza kula saa nzima na zaidi, hasa jioni.

Kwa sababu hiyo, siku ya kufika isipangiwe matembezi. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, hutembelewa asubuhi ya pili kabla jua halijawa kali. Mji wa Kale uko jirani, kwa miguu. Anayetaka kuendelea Nairobi kwa treni ya SGR akumbuke kwamba stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa, na kwamba viti vya Desemba na Pasaka huwahiwa mapema. Tiketi hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa. Hoteli hufuata tarehe yake.